Alteneta Niliyomfungia Naceur

Sfax, 4 Agosti 1996

Dada yangu Tibra,

Salamu nyingi kwako hapo Remada na kwa wote mliobaki nyumbani. Huku joto halijatupa nafasi. Majirani wanalowesha mikeka kwa maji na kulala juu ya paa, na mimi nalala gereji, mlango wazi. Binti yangu Hayet amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la marehemu mama yake. Nilimpakata nikalia kidogo, wakadhani ni furaha. Mguu wangu ni ule ule, asubuhi unakataa, mchana unakubali.

Nilikuja kwenye msiba wa mwanao Naceur siku ya tatu. Pengine hukuambiwa. Amor alikuwa mlangoni mwa hema la wanaume, akasema kwa sauti: "Karibu, fundi. Umekuja kumlilia mpwa wako au kuangalia dinamo yako?" Watu wakatazama ndani ya vikombe vyao vya kahawa. Nikamwambia, "Shemeji, Mungu akupe subira." Akasema, "Subira ninayo tele. Mwana ndiye sina." Nikageuka, nikapanda gari la abiria lililokuwa likirudi Tataouine. Nilisikia sauti yako kati ya wanawake ndani ya nyumba. Uso wako sikuuona.

Simlaumu. Aliyemzika mwanawe ana ruhusa ya kusema. Lakini neno lile silali nalo vizuri.

Wameniambia gari lilikutwa jangwani ufunguo ukiwa umewashwa na betri imekufa kabisa. Betri ile ilikuwa mpya, na alteneta, ile dinamo ya kuijaza, niliifunga mimi mwezi wa sita, Naceur akiwa amesimama kando yangu. Ilitoka kwenye gari la Kijerumani lililopata ajali, lakini yenyewe ilikuwa nzima. Tuliipima, ikajaza betri vizuri hata taa zote zikiwa zimewashwa. Kama ilikufa baada ya majuma machache tu, basi mikono yangu ndiyo iliyomwacha kijana afe kwa kiu katika jua lile, na ni lazima nijue.

Amor siwezi kumwomba. Nakuomba wewe. Mwanao Lassaad anajua kushika spana. Atazame kama mkanda upo na umekaza. Aushike waya mnene utokao kwenye alteneta kwenda kwenye betri, aone kama umelegea. Kisha awashe ufunguo bila kuwasha injini, aniambie ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi inawaka au haiwaki. Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa.

Kama kosa ni langu, nitakuja kulisema mwenyewe mbele ya watu. Kama si langu, naomba mlango wa nyumba yako usifungwe kwangu. Sina nyumba nyingine ya kwetu.

Kaka yako,
Khlifa


Remada, 2 Septemba 1996

Kaka Khlifa,

Amani iwe nawe. Barua yako ilifika siku nyingi, mwenye kujibu ndiye aliyechelewa. Hongera kwa mjukuu. Mungu amkuze, na jina alilopewa ni zuri, marehemu wifi yangu alikuwa mtu wa kucheka.

Mbuzi wameugua macho, tunawaosha kwa maji ya chumvi. Mvua hakuna. Arobaini ya Naceur imepita. Tulichinja kondoo wawili, kuskusi ilitosha, waliokuja walikuwa wengi. Hatukukuletea habari, na sababu unaijua.

Lassaad hali vizuri. Nikimwekea sahani anakula vijiko viwili, anasema, "Nimeshiba, Mama," anakwenda kuketi kwenye kivuli cha gari. Anakaa pale hadi kivuli kimhame.

Mkanda upo na umekaza. Waya mnene Lassaad ameushika, haujalegea. Betri Amor aliing'oa akampa mtu. Amelifunika gari turubai na hataki liguswe.

Dukani wanaume wanasema fundi wa Sfax anauza vyuma vya magari ya maiti. Mmoja alimwambia Amor, "Mjerumani mwenyewe alikufa ndani yake, ulitaka wa pili apone?"  

Tafadhali usiandike tena habari za gari. Niandikie za mtoto.

Dada yako,
Tibra


Sfax, 20 Oktoba 1996

Dada yangu mpenzi,

Natumai mbuzi wamepona. Mtoto anaendelea vizuri. Ameanza kutabasamu, hasa kwa taa ya dari, sisi watu hatupi umuhimu huo. Zeituni mwaka huu ni nyingi, mashine za kukamua zinanguruma mji mzima na mafuta yananukia hadi ndani ya nguo. Nitakupelekea dumu moja kama kuna mtu wa kulipokea.

Nimekutii, nimeanza na mtoto. Sasa nisamehe.

Umenijibu kuhusu mkanda. Umenijibu kuhusu waya. Kuhusu taa nyekundu hukuandika hata neno moja, Tibra, na wewe tangu utotoni ukiulizwa mambo matatu ukajibu mawili, la tatu ndilo lenyewe.

Nilitafuta alteneta nyingine ya aina ile ile, nikaifunga kwenye injini iliyo juu ya meza yangu, nikajaribu kuiua. Nililegeza mkanda. Niliimwagia maji. Nilipuliza mchanga ndani yake. Fathi anayeshona viti vya magari hapo jirani alichungulia akasema, "Khlifa, unaihoji hiyo mashine kama askari. Kesho itakiri hata wizi wa kuku." Haikukiri kitu. Ililalamika kwa kelele, lakini iliendelea kujaza betri.

Kisha nikatoa balbu ya ile taa nyekundu. Basi. Ikazunguka vizuri, haina kelele, haina joto, na haikutoa umeme hata chembe.

Nakueleza uelewe. Mashine ya aina hii haiamki yenyewe. Inataka ionjeshwe umeme kidogo wa betri kwanza, na umeme huo hupita ndani ya balbu ile. Ndiyo maana ukiwasha ufunguo taa inawaka, na injini ikishika taa inazimika: alteneta imeamka, inalisha. Balbu ikitolewa, njia imekatika. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu inaweza kuamka kwa sumaku iliyobaki ndani yake. Lakini anayekwenda kimya kimya hakanyagi kwa nguvu.

Mliniambia gari ni la kubeba kondoo. Nilikubali kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi kwangu. Sasa niseme wazi: najua petroli mnayobeba kutoka Libya, na najua wanavyokwenda wale wa njia hiyo. Hawawashi taa. Hawapandishi mlio wa injini. Kila baada ya kitambo wanasimama, wanazima, wanasikiliza kama kuna doria, wanawasha tena. Kila kuwasha kunakula betri. Bila alteneta, utawasha mara kadhaa, halafu utageuza ufunguo usikie mlio mdogo tu, na gari limejaa madumu, na mchanga, na wewe peke yako huwezi kulisukuma.

Siku tulipolifunga, Naceur alikuwa akiweka skurubu ndani ya kofia yake zisipotee. Tulipomaliza akaivaa. Zikammwagikia shingoni, akaruka kama aliyeumwa na nge. "Mjomba," akasema, "kichwa changu sasa kina skurubu za kutosha, mwambie baba." Tulicheka hadi tukakaa chini. Simkumbuki akiwa na huzuni, na hilo linanisumbua, kana kwamba sikumtazama vizuri.

Wateja wa kusini wameacha kuja. Mmoja alipita, akasimama ng'ambo ya barabara, akaondoka. Hilo naweza kuishi nalo. Lakini Ramadhani inakuja, na nilitaka kufuturu kwako japo siku moja, kisha nikamsomee Fatiha kaburini. Niambie, dada. Nani alitoa balbu?

Khlifa


Remada, 14 Januari 1997

Kaka yangu,

Ramadhani njema. Huku baridi imeingia, tunafuturu na mabega ndani ya mablanketi. Mbuzi wawili walikufa, waliobaki wanaona. Mafuta ya zeituni yalifika kwa mkono wa dereva wa Tataouine. Amor aliuliza yametoka wapi, nikasema kwa Hayet. Aliyala.

Barua yako ya mwezi wa kumi niliisoma mara moja tu, nikaitia kwenye tanuri la mkate. Kisha nikakaa miezi yote hii. Sasa nakujibu.

Ni Lassaad.

Ilikuwa magharibi ile ile kabla ya safari. Siku hizo mbalamwezi haikuwapo, na habari zilikuwa zimefika kwamba doria imeongezwa. Siku zote walikuwa wakifunika dashibodi kwa kitambaa. Lassaad akasema kitambaa hakitoshi, kimeanguka mara ngapi. Alisikia wenzake wa Dehiba, kule mpakani, wanatoa balbu zote za dashibodi. Akaniita: "Mama, nishikie tochi." Nikashika. Naceur alikuwa kando anakula bsisa ya shayiri na mafuta, vidole vimejaa unga. Akasema, "We, unanipofushia gari? Nitajuaje kama petroli inaisha?" Lassaad akamwambia, "Utabeba pipa zima nyuma na unaogopa petroli kuisha? Askari wanakuona uso unavyong'aa kama keki ya harusi. Mimi nakutengenezea giza." Naceur akacheka, akasema, "Giza la nyumbani, halina gharama." Lassaad akazitoa moja moja, na kila moja nilikuwa nimeimulika mimi.

Alifanya vizuri sana kazi yake, Khlifa. Hata mwanga mmoja haukubaki.

Hajui. Anadhani kama baba yake anavyodhani, kwamba mashine yako iliungua. Wakati mwingine anasema, "Laiti mjomba angemfungia mpya." Mimi nakata vitunguu. Barua yako ya kwanza nilimsomea habari ya mkanda na waya, habari ya taa nikairuka. Wakati huo sikujua taa ina maana gani, lakini ulikuwa umeandika kwamba ndiyo kubwa, na mimi nilikumbuka tochi. Niliogopa kabla ya kuelewa.

Unajua Amor. Nikimwambia, jina lako litasafishwa kesho yake, na atamwambia Lassaad mezani, mdomo ukiwa na chakula: "Wewe ndiye uliyemuua ndugu yako." Atamwambia kila jioni mpaka mmoja wao afe. Lassaad ana miaka kumi na tisa. Ninaye huyo tu.

Nimekuacha ulaumiwe kwa ajili yake. Sikudhani nitaweza, na nimeweza bila shida, ndiyo maana sikukuandikia. Nilikuwa najionea haya.

Sasa kuna jambo jingine. Amor anasema baada ya Idi gari litengenezwe, Lassaad aingie barabarani mwenyewe, maana hakuna njia nyingine ya kula. Anatafuta alteneta nyingine kama ile, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Lassaad amekubali. Nikasema, "Asiende." Amor akasema, "Basi nenda wewe." Balbu hazimo, na hata akizirudisha atazitoa tena kabla ya kuondoka, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo wote sasa. Siwezi kumwambia asizitoe. Ataniuliza kwa nini.

Nifanye nini, kaka?

Tibra


Sfax, 23 Januari 1997

Tibra,

Sitaandika salamu ndefu, mchukua barua anaondoka na basi la mchana.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Hii ni yako, ukishaisoma itie tanurini kama ile nyingine. Ya pili mpe Amor, na umwombe aisomee dukani kwa sauti. Hatakataa. Ataifurahia. Nimeandika hivi:

"Mimi Khlifa, fundi umeme wa magari, nakiri mbele ya watu wa Remada kwamba nilipofunga alteneta ya Kijerumani kwenye gari la marehemu Naceur niliacha kuweka rezista inayotakiwa kati ya waya wa ufunguo na waya mwembamba wa alteneta. Bila rezista hiyo alteneta huweza kukataa kuamka, na ndivyo ilivyokuwa. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Kila gari lenye alteneta ya aina hii lifungwe rezista kabla halijatoka tena. Namwomba Amor na watoto wake wanisamehe, na wasiposamehe, nimeelewa."

Sasa sikiliza ukweli wake. Nilichoandika ni uongo, lakini rezista ni ya kweli. Ni kipande kidogo kama punje ya ngano chenye waya huku na huku. Kikifungwa pale, umeme wa kuiamsha mashine unapita humo, balbu iwepo isiwepo. Vijana watoe taa zote wapendavyo, alteneta itaamka. Nimeweka vipande vya kutosha kwa magari yao yote, nimevizungushia pamba. Lassaad akifunge mwenyewe kwenye gari lake, nimechora nyuma ya karatasi. Ataelewa. Ana mkono mzuri, hilo tunalijua.

Neno balbu halimo katika karatasi ile, na kosa langu ndilo litakalowafanya wafunge rezista bila kuuliza zaidi. Fundi mjanja akiuliza kwa nini mwezi wa sita mashine ilifanya kazi bila rezista, mwambie Khlifa ni mzee, amekosea, nani anajua.

Usiniite mwema kwa hili. Nimekasirika. Nimemkasirikia Amor, na wewe, na yule mtoto asiyejua kitu, na hata Naceur aliyekuwa akila bsisa na kucheka. Miaka thelathini sijarudishiwa kazi kwa aibu. Jina langu lilikuwa kitu pekee nilichokijenga bila msaada wa mtu, na leo nimelishusha kwa kalamu yangu, kwa mwandiko mzuri, mbele ya watu ambao hawakuwahi kunipenda. Usiku niliandika karatasi ile nikaichana, nikaandika tena.

Lakini nilikuwa nikifikiria kijana akigeuza ufunguo gizani.

Mpe Amor karatasi leo leo.

Khlifa


Remada, 18 Februari 1997

Kaka yangu,

Idi imepita. Lassaad alivaa shati jipya kwa sababu nilimlazimisha. Mvua kidogo imenyesha, jangwa limepata rangi kwa siku tatu kisha likaiacha.

Karatasi ilisomwa. Amor aliisoma dukani mara mbili, mara ya pili kwa waliochelewa. Alipofika kwenye neno "kosa ni langu" akaipiga karatasi kwa kidole: "Nilisema! Nilisema siku ya tatu!" Mzee mmoja alisema angalau mtu huyo amekiri, wangapi wanakiri. Amor akasema kukiri hakumrudishi mtu. Wote wameyapokea hivyo.

Lassaad alifunga kile kipande mwenyewe. Kisha akaenda kuwafungia na wenzake, gari baada ya gari, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Aliporudi alisema, "Mama, kitu kidogo hivi. Mjomba angekiweka tu." Nikamwambia anawe mikono. Jioni hiyo alikula sahani nzima akaomba mkate.

Ameshakwenda safari mbili na kurudi. Gari liliwaka kila mara.

Nataka uyajue hayo kabla ya haya. Amor ameapa kwa talaka, kwamba nimeachika siku utakayoingia nyumba hii yeye akiwa hai, na jina lako halitatajwa. Lassaad aliunga mkono. Alisema, "Baba ana haki." Nilikuwa nimeshika birika. Nilimimina chai.

Sijui mtu anamshukuruje mwingine kwa jambo la namna hii, kwa hiyo sijaandika neno hilo. Kaburi linatazamwa. Nalipelekea maji kila Ijumaa.

Tibra


Sfax, 9 Machi 1997

Dada yangu Tibra,

Barua imefika, na nimeelewa yote. Huku hatujambo. Mtoto ameota jino la chini, anauma kila kinachomkaribia. Gereji nimempangisha Fathi nusu yake, nafasi imekuwa kubwa kuliko kazi.

Lassaad yuko sahihi kuhusu baba yake. Usimpinge. Siku akinitaja vibaya mbele yako, itikia, la sivyo atajiuliza. Nimezoea kufikiri kwamba ni mtu mwingine wanayemsema, fundi mmoja mzembe wa Sfax, na baadhi ya siku inasaidia.

Sitakuja tena. Nilikuwa nimekunja suruali nzuri kwa ajili ya safari, nimeirudisha kabatini. Usiniandikie mara kwa mara, barua nyingi zitaulizwa. Mara moja kwa mwaka inatosha, uniambie tu kwamba gari limerudi na aliye ndani yake ni mzima.

Na Ijumaa ukiwa peke yako kaburini, hakuna wa kusikia, mwambie Naceur jina langu. Na wewe, dada, unikumbuke.

Khlifa